Kibodi ya Vikombe

Kijiwe chetu kiko Makadara, ukutani pa saiba ya Phelister, duka lake la kompyuta na intaneti, pale kinyozi anapomwaga maji yake na mbwa wa mtaa wanapolala. Benchi ni taruma, gogo la kulazia reli. Ukitaka kujua lilifikaje hapo, muulize Mukhwana, karani mstaafu wa reli, naye atakwambia reli ni mali ya umma na yeye ni umma. Huyo tunamwita Stesheni. Oketch, kibarua wa Industrial Area, ni Rifarii, kwa kuwa huingilia kila ugomvi hadi uishe, halafu huanzisha mwingine. Mukami anauza mitumba Gikomba na jina lake hapa ni Bei ya Mwisho. Hata ukimsalimia hujibu kama mtu anayekataa kupunguza. Mimi nashona zipu na kukata suruali ndefu, kwa hiyo mimi ni Zipu, na sijawahi kuulizwa kama nalipenda. Anayetukalisha sote ni Nasambu, mwenye jiko, birika na sinia la vikombe. Bila yeye hilo taruma lingekuwa kuni zamani.

Jumapili ninayoisimulia, stima ilipotea mara tu watu walipotoka kanisani, saiba ikazimika yote. Nasambu alikuja na gauni lake la ibada, akawasha makaa, akapika kahawa ya tangawizi, halafu badala ya kutumiminia akavipindua vikombe vyote juu ya sinia, akavipanga safu safu kama kibodi. Tulijua ni nini, kwa kuwa wiki mbili alikuwa akifanya hivyo. Kesho yake asubuhi alikuwa na interviu mtaa wa Fedha, kwenye kampuni fulani inayojibu maswali ya wateja wa maduka ya mtandaoni. Unakalishwa mbele ya kompyuta, unapewa maswali, unapekua kurasa kutafuta majibu, unajaza fomu, unatuma. Wanamtaka mtu wa mkono mwepesi. Akiipata hiyo kazi, atawatoa watoto wake wawili Kimilili kwa nyanya yao, awalete Nairobi waishi naye. Akiikosa, watakaa huko huko, naye atabaki na sisi na moshi.

Mkono mwepesi anao, na sababu ni kamba. Phelister aliibiwa mausi mara kadhaa, watu wakitoka nazo kwenye koti, mpaka akachoka akafunga kila mausi kwa kamba kwenye mguu wa meza. Kamba yenyewe ni fupi. Ukitaka kufika pembe ya juu ya skrini, unainyanyua mausi, unairudisha, unainyanyua tena, mpaka muda wako unaisha. Kwa hiyo wateja wa saiba ile wote, Nasambu akiwemo, wamejifunza njia za mkato za kibodi. Wageni hudhani mtaa wetu una akili nyingi.

Nasambu: Hii kubwa ya bati ni Kontrol. Hii yenye ufa ni T. Hii L, hii F, hii Tab. Hii ndogo huku juu ni F5. Haya khocha, niulize.

Khocha ni mjomba kwa Kibukusu. Mama yake Nasambu anatoka ukoo mmoja na Stesheni, kwa hiyo mzee ndiye mjomba wake wa hapa mjini, na ndiye aliyejipa kazi ya kumfunza. Alijikohoza kama anayetaka kutangaza treni.

Stesheni: Ukurasa mpya!

Nasambu: Kontrol na T.

Stesheni: Unataka kuandika anwani, na mausi haifiki huko juu!

Nasambu: Kontrol na L.

Stesheni: Ukurasa ni mrefu kama Jogoo Road, na wewe unatafuta neno moja tu!

Nasambu: Kontrol na F, naandika hilo neno, linajitokeza lenyewe.

Stesheni: Unajaza fomu. Unatoka sanduku moja kwenda lingine.

Nasambu: Tab. Tab. Tab.

Stesheni: Fomu imejaa. Kabla ya kubonyeza Tuma?

Nasambu: F5, khocha. Muhuri.

Stesheni: Muhuri! Kazi bila muhuri ni barua ya mapenzi.

Rifarii: Manze huyu ameshapita. Mathe, niwekee.

Na hapo Rifarii akainyakua T, akaigeuza, akaisongeza kwenye birika.

Nasambu: Rifarii! Hiyo ni T!

Rifarii: Kwani T hainyweki?

Nasambu: Sasa nifungue ukurasa na nini?

Bei ya Mwisho: Mpe hiyo F, hata haina mkono.

Nasambu: F ndiyo ya kutafuta. Nikienda bila F nitasoma ukurasa wote kama Biblia.

Akampa kikombe kingine kilichokuwa hakina cheo, na T ikarudi mahali pake. Tukaanza kunywa, na ukiona sisi tumeanza kunywa, jua akili imeanza kutoka nje kuota jua.

Bei ya Mwisho: Mimi nauliza tu. Hii haraka yote ni ya nini? Haraka haraka haina baraka.

Rifarii: Hapo umekosea methali. Hapa unasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kontrol peke yake ni bure. Ibonyeze mpaka jioni, hakuna kitu itafanya. Mpaka uiongezee mwenzake.

Stesheni: Kontrol ni nyapara. Peke yake hafanyi kazi. Akisimama karibu na mtu, kazi inaonekana.

Mimi: Basi aliyeunda kibodi alifanya kazi Kenya.

Stesheni: Aliyeunda kibodi alifanya kazi reli, Zipu. Wacha nikufunze. Pale njia mbili zinapokutana, kulikuwa na mtu na mkono wa chuma. Akiuvuta, treni inaenda huku. Akiuacha, inaenda kule. Huo mkono ndio Kontrol. Wazungu wa kompyuta walikuja wakaona, wakaenda wakauchora mdogo.

Rifarii: Walikuja lini?

Stesheni: Walikuja. Walivaa kofia.

Huwezi kubishana na mzee aliyeona kofia. Rifarii mwenyewe alivuta pumzi tu, akahamia ugomvi mwingine.

Rifarii: Sawa, reli. Lakini mnajua kwa nini hizi njia za mkato hakuna mtu anakufunza shuleni? Zimefichwa. Makampuni makubwa hayataki uende moja kwa moja. Wanataka uzunguke. Ukizunguka unaona tangazo la viatu, tangazo la dawa ya nywele, mpaka unasahau ulikuja kutafuta matokeo ya mechi.

Bei ya Mwisho: Hiyo ni kweli, na mimi naijua kwa macho. Gikomba, mteja mgeni akitafuta viatu, anapitia kwa mapazia, kwa mashuka, kwa masweta, mpaka afike ameshabeba vitu vitatu hakutaka. Lakini yule anajua kupitia kwa maseremala, anatokea tu kwa viatu, ananunua, ameenda. Hao wa maseremala hatuwapendi.

Rifarii: Umeona? Kontrol na L ni kupitia kwa maseremala.

Mimi: Basi Nasambu ni adui wa biashara.

Rifarii: Adui kabisa. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hakuna aliyeuliza mwana ametoka wapi. Methali za Rifarii ni kama vifungo vya suruali za mitumba: viko vyote, ila hakuna kinachokutana na tundu lake.

Nasambu alikuwa amechuchumaa, vidole vikiruka juu ya vikombe, midomo ikisema kimya kimya. Kontrol na Tab, kwenda ukurasa unaofuata. Alt na mshale, kurudi nyuma. Alikuwa akisikiliza lakini hatazami.

Bei ya Mwisho: Nasambu, mimi nikwambie kitu kama dada. Kesho usiende haraka sana.

Nasambu: Kwa nini, Mukami?

Bei ya Mwisho: Ukiwa mwepesi kupita kiasi, kompyuta inakushuku. Inafikiria wewe ni mashine. Hujawahi kuulizwa kama wewe ni roboti? Wanakupa picha, utafute taa za barabarani, utafute pikipiki. Hao wanaoulizwa hivyo ni wale vidole vyao vina haraka. Jamaa wa Gikomba alibonyeza njia za mkato mpaka ikamfungia nje. Mpaka leo anaitwa roboti.

Rifarii: Na nani?

Bei ya Mwisho: Na mkewe.

Stesheni: Mwenda pole hajikwai.

Rifarii: Na hata akijikwaa, kule Fedha kuna baridi. Hizo ofisi zina mashine ya baridi. Mtu wa jiko kama Nasambu atapata homa ya mapafu kabla ya mshahara wa kwanza.

Nasambu: Nitabeba sweta.

Bei ya Mwisho: Sweta hawaruhusu. Wanataka blauzi.

Nasambu: Si wewe ndiye utaniuzia hiyo blauzi?

Bei ya Mwisho akanywa kahawa bila kutaja bei, jambo ambalo kwa mtu wa Gikomba ni kosa la kibiashara.

Wakati huo Phelister akatoka saiba na kiti chake cha plastiki. Ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache huyatoa akiangalia simu. Bila stima hakuwa na la kufanya ndani, kwa hiyo akaketi nasi, akapewa kikombe, akaegemeza kichwa ukutani.

Rifarii: Phelister, stima imeenda wapi?

Phelister: Sijui. Nimewapigia, wanasema wanashughulikia.

Rifarii: Mimi najua. Ni hizi njia za mkato. Kila mtu saa hii yuko nyumbani, Jumapili, anapiga Kontrol na T, kurasa kumi, kurasa ishirini kwa mara moja. Huo mzigo unaenda wapi? Unapanda kwa waya. Transfoma inapasuka. Zamani watu wakitumia mausi, ukurasa mmoja, polepole, stima ilikuwa haipotei.

Mimi: Zamani stima ilikuwa haipotei kwa sababu hukuwa nayo.

Stesheni: Hapo Zipu ameshona.

Phelister: Nasambu, mazoezi yanaendaje? Umekumbuka ile ya kurudisha?

Nasambu: Kontrol, Shift na T. Nikifunga ukurasa kwa bahati mbaya, unarudi.

Rifarii: Ngoja. Ngoja kwanza. Ukurasa umefungwa, umeenda, halafu unarudi?

Phelister: Unarudi.

Rifarii: Hata kama umeufunga mwenyewe?

Phelister: Hata kama. Hata ukifunga tatu, zinarudi moja moja, wa mwisho kwanza.

Rifarii akaweka kikombe chini. Nilimwona akifikiria kweli, na si jambo la kila siku.

Rifarii: Basi wasee, hiyo si ya kompyuta peke yake. Hicho kitufe kuna mahali kiko kikubwa. Kama wameweza kurudisha ukurasa, watarudisha vitu vingine. Mimi ningepewa, ningekibonyeza mbele ya kile kiwanda cha mablanketi. Geti ifunguke, king'ora kilie, wale wamama wa kusuka watoke na leso zao. Ningebonyeza mara moja tu.

Hakucheka, na sisi pia hatukucheka. Rifarii alifanya kazi kwenye kile kiwanda tangu ndevu zilipoanza kuota mpaka siku walipokuta kufuli. Kahawa ilikuwa na tangawizi nyingi siku hiyo, na kwa muda kila mtu alijishughulisha na kikombe chake.

Nasambu ndiye aliyetuokoa.

Nasambu: Khocha, turudie tena kabla giza halijaingia. Ile yote, mwanzo mpaka mwisho.

Stesheni: Tumerudia ya kutosha. Mwanafunzi akisoma sana anasahau.

Nasambu: Mara moja tu.

Stesheni: Basi. Ukurasa mpya.

Wakaanza. Phelister alikuwa ameinamia simu yake na dole gumba likipanda na kushuka. T, L, F, Tab, Tab, Tab. Mzee safari hii hakutangaza. Alisema maneno taratibu, akiangalia makaa.

Stesheni: Fomu imejaa.

Nasambu: F5, muhuri, halafu Tuma.

Dole gumba la Phelister likasimama.

Phelister: F5 ya nini?

Nasambu: Ya muhuri. Kabla ya kutuma.

Phelister: Nani amekwambia hivyo?

Nasambu akamtazama mjomba wake. Hakuonyesha kidole, alimtazama tu, kwa sababu hakudhani ni jambo kubwa.

Phelister: Mama, F5 si muhuri. F5 inaanzisha ukurasa upya. Umejaza fomu yote, hujatuma, ukigusa F5 inakuletea fomu tupu. Kazi yote imeenda.

Nasambu: Hata ile Kontrol, Shift na T hairudishi?

Phelister: Ile inarudisha ukurasa, hairudishi ulichoandika. Ungeanza upya, na wenzako wakiwa wameshatuma.

Nasambu: Lakini hapa ndani sijaona hivyo.

Phelister: Hapa ndani umekuwa ukifungua kurasa na kutafuta. Fomu ya kujaza hukuwa nayo.

Bei ya Mwisho: Si mzee amekosea tu. Mzee ni mtu wa reli, kila karatasi ilikuwa inapigwa muhuri. Kwake kazi haijaisha mpaka ipigwe kitu kwa nguvu.

Mimi: Ni kosa la kawaida.

Na kweli lingekuwa kosa la kawaida. Mtu aliyekaa maisha yake yote kwenye meza ya reli, akitafuta muhuri kwenye kibodi, angeupata wapi kama si kwenye safu ile ya juu, vitufe vimekaa peke yao kama mabosi? Tungeishia hapo, tukacheka, tukanywa. Lakini Phelister huwakumbuka wateja wake wote.

Phelister: Mzee, samahani. Si wewe mwezi wa tatu ulikuja kujaza fomu ya pensheni? Ulikaa kwa ile mashine ya dirishani asubuhi nzima. Ukagusa F5 na yote ikafutika. Mimi ndiye nilikueleza inafanya nini. Ulitoka hapa ukaacha kofia.

Stesheni: Nilirudi nikaichukua.

Phelister: Ulirudi, ndiyo. Ukaniambia hiyo F5 hutaisahau mpaka kufa.

Mbwa alijinyoosha, akageuka, akalala upande mwingine. Nilitamani mzee aseme kwamba amesahau. Wazee husahau, tungempokea kwa mikono miwili. Aliivua kofia yenyewe kichwani, akaiweka gotini, akaikunja ukingo.

Stesheni: Sijasahau.

Nasambu: Khocha?

Stesheni: Nilijua, mwanangu. Nilikwambia nikijua.

Mimi nimewahi kusikia mambo mengi kwenye lile taruma, ya wizi, ya ndoa, ya siasa, lakini si hilo.

Nasambu: Kwa nini?

Stesheni: Kijana wangu wa Ruiru hupiga simu Krismasi. Yule wa Doha hunitumia picha za chakula anachokula. Tangu mama yao afariki, nikiamka, mtu wa kwanza kutaja jina langu ni wewe. Unasema mulembe khocha, umelala vipi. Mimi najibu nimelala vizuri, hata kama sikulala. Nikafikiria, akikosa hii moja, nyingine itakuja. Mwakani. Nibaki naye mwaka mmoja tu.

Nasambu hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa nafuu kwetu. Alikuwa ameshika kile kikombe kidogo cha F5 kwa vidole viwili.

Nasambu: Khocha, mtoto wangu mdogo sasa anamwita nyanya yake mama. Mimi ananiita mama wa simu. Mwakani ataniita nani?

Machozi yalimtoka mzee wazi wazi, mchana, mbele ya kinyozi.

Nilimkasirikia. Nilitaka kumwambia neno chafu, mzee kama yule. Lakini nilipofungua mdomo nikawatazama wenzangu, na nikaona kila mtu anatazama viatu vyake, nikaelewa. Roboti, baridi ya Fedha, mwenda pole hajikwai: mchana kutwa tulikuwa tunamfunga Nasambu kwa kamba, kila mtu na yake, na tukaita hayo mazungumzo. Tofauti yetu na mzee ni kwamba yake ilikuwa imara.

Bei ya Mwisho: Nasambu. Ile ya roboti.

Nasambu: Ndiyo, Mukami.

Bei ya Mwisho: Hiyo ilikuwa bei ya kwanza. Sina hakika nayo. Bei ya mwisho ni hii: enda haraka. Enda kama umeiba. Na blauzi nitakuletea usiku huu huu, ile ya samawati, usiniulize bei.

Rifarii: Na baridi ya Fedha ni ya kawaida. Mimi mwenyewe sijawahi kuingia hizo ofisi.

Mimi nilisema suruali yake nitaikata leo leo, halafu nikakumbuka havai suruali. Phelister akacheka, Nasambu naye akacheka kidogo, na kicheko chake kilinitia nguvu kuliko kahawa.

Stesheni alikuwa ameinuka. Alinyoosha mkono, na Nasambu, baada ya kusita, akampa kile kikombe kidogo. Mzee akakitia kwenye mfuko wa koti, akaufunga mfuko kwa kifungo.

Stesheni: Hiki nimekiondoa. Sasa turudie.

Nasambu: Umesema nikisoma sana nitasahau.

Stesheni: Nilisema uongo. Turudie. Ukurasa mpya!

Safari hii alitangaza, na sauti yake ilifika mpaka kwa wauza mboga. Nasambu akapiga. T, L, F. Tab, Tab, Tab. Vikombe vilikuwa vikilia kwa kucha zake.

Stesheni: Fomu imejaa!

Na kidole chake Nasambu kikaruka moja kwa moja, juu, pembeni, mahali kikombe kilipokuwa. Kikagonga sinia tupu.

Sote tulikisikia kile kishindo kidogo cha bati.

Nasambu: Woi.

Phelister: Ni mazoea. Wiki mbili kidole kinaenda huko. Tena.

Stesheni: Tena. Fomu imejaa!

Kidole kikaenda tena. Nasambu alikishika kwa mkono mwingine njiani, kama anayemzuia mtoto barabarani, lakini kilikuwa kimeshatoka. Mzee alifumba macho. Nadhani hapo ndipo alipoona hasa alichokuwa amefanya. Kukiri kulikuwa rahisi, kuking'oa kilichokwisha kuingia kwenye mkono wa mtu ndiko kugumu.

Stesheni: Ondoa mikono yote. Iweke mapajani. Fomu ikijaa, mikono mapajani kwanza. Halafu soma ulichoandika. Halafu, mwanangu, chukua mausi. Nenda kwa Tuma na mausi.

Rifarii: Mausi ni polepole.

Stesheni: Wacha iwe polepole. Kule hawajaifunga kamba.

Wakarudia. Sikuhesabu mara ngapi. Bei ya Mwisho aliacha kunywa, Rifarii akawa anatangaza pamoja na mzee, hata kinyozi akatoka na wembe mkononi kusikiliza. Mara mikono ilitii, mara kidole kilitoroka. Kuelekea mwisho kilikuwa kinatii zaidi ya kutoroka, na zaidi ya hapo sitakudanganya. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghorofa, na stima ilikuwa bado.

Stesheni: Kesho nitakusindikiza mpaka Fedha.

Nasambu: Hapana, khocha. Nitaenda peke yangu.

Stesheni: Sawa.

Nasambu: Lakini usiende mahali. Nikirudi nataka nikukute.

Mzee aliketi. Nasambu akavigeuza vikombe, kimoja kimoja, vikaacha kuwa herufi. Akainua birika, akamimina kwa mzee kwanza, halafu Phelister, halafu sisi, kidogo kidogo, akiinamisha zaidi na zaidi mpaka matone ya mwisho yakaja na mashapo. Akalipindua. Hakuna kitu.

Ndipo akatokea jamaa mmoja tusiyemjua, mwenye ovaroli ya gereji na mfuko wa mkate, akitembea kama mtu anayejifunza mtaa.

Mgeni: Niaje wasee. Mimi ni jirani yenu, nimehamia juzi hiyo ploti ya nyuma ya kanisa. Nimekuwa nikisikia harufu ya tangawizi nikipita. Mathe, niwekee moja.

Nasambu: Pole ndugu yangu, imeisha sasa hivi.

Mgeni: Yote?

Nasambu: Yote. Tazama mwenyewe.

Mgeni: Si mbaya. Kesho kahawa iko tayari saa ngapi?

Rifarii, ambaye hujibu hata maswali ya watu wengine, alianza kukagua kucha zake. Bei ya Mwisho alinitazama mimi, nami nikamtazama mbwa. Stesheni alifungua mdomo, akaufunga, akashika mfuko wa koti lake. Nasambu alikuwa amelishika sinia mbele ya gauni, hajui aliweke chini au alibebe, wala kama kesho atarudi kwenye jiko au kuaga.

Yule jamaa alingoja kidogo. Akadhani hatukumsikia, akauliza tena.